Valvu ya Mtaa wa Juu

Bwawa la shamba la Altazora halikuwa na jiwe. Inspekta Edelmira Catalán alilizunguka mara mbili, polepole, macho chini, na hakuona hata kokoto. Kingo zote nne zilikuwa udongo uliofunikwa plastiki nyeusi, nene kama turubai, ikishuka mpaka majini. Mtu akianguka hapo atateleza, atalowa, pengine atazama. Kichwa hatapasua.

"Soma tena," alisema.

Msaidizi wake, Yerko Matus, alifungua ripoti ya daktari. "Fuvu limepasuka kisogoni. Jeraha limenyooka, urefu wa vidole vinne, kama la kitu chenye ukingo. Mapafuni hakuna maji."

"Kwa hiyo hakuzama."

"Hakuzama. Ameingia majini akiwa ameshakufa."

"Na huo ukingo uko wapi?"

Yerko alitazama plastiki, akatazama maji ya kijani. "Hapa siuoni, afande."

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Alhamisi alfajiri mlinzi wa shamba alimkuta mhandisi Fresia Olguín akielea katika bwawa hilo, uso chini, koti lake la njano limejaa hewa mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka tisa alipanda ngazi za kila mahakama na kila ofisi ya jimbo akidai jambo lilelile: kwamba mto wa Huiluma ulikauka kwa sababu Altazora imechimba visima kumi na saba kwa kibali cha visima vitano, na kwamba binadamu wanywe kwanza, miparachichi baadaye. Kesi ilikuwa isikilizwe mwezi ujao.

Kijiji kizima kilishaamua nani muuaji. Kuanzia darajani hadi kanisani kuta zilikuwa zimeandikwa jina la Fresia kwa rangi nyekundu, na chini yake jina la meneja wa shamba.

Meneja huyo alikuja kwa miguu kati ya mistari ya miparachichi, kofia mkononi. Germán Uslar alikuwa mtu mrefu, ndevu za siku tatu, macho ya mtu asiyelala.

"Nilidhani mtanihoji ofisini."

"Hapa panatosha," alisema Edelmira. "Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Mji mkuu. Mke wangu amelazwa. Nimerudi Alhamisi mchana nikawakuta wenzenu getini."

Edelmira alilijua hilo. Picha za gari la Uslar kwenye vituo viwili vya ushuru wa barabara zilikuwa mezani kwake tangu jana. Aliuliza ili asikie anavyolisema, na alilisema kama mtu anayetaja saa.

"Mwezi wa tatu, mbele ya watu, ulimwambia ipo siku ataanguka ndani ya kimoja cha visima anavyovipenda sana."

"Nilisema."

"Ulikuwa unamchukia?"

"Andika ndiyo." Uslar aliizungusha kofia. "Miaka tisa, Inspekta. Nilimjua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Alikuja na karatasi ya mahakama, akapitia getini, akatia sahihi, akapima, akaondoka. Hata glasi ya maji hakuwahi kuipokea kwangu. Lakini hakuwahi kuingia kwa wizi. Sasa niambie, siku ya kuja kufa ndiyo apitie uani?"

"Uani wapi?"

"Wavu wa uzio umekatwa upande wa korongo. Niliwaambia wenzenu siku ileile."

Yerko alipekua daftari la Alhamisi, ukurasa baada ya ukurasa, akatikisa kichwa. Hakuna aliyeandika.

Wavu ulikuwa umekatwa kwa mkasi wa waya. Ncha zote zilikunjwa kuelekea ndani ya shamba, kwa hiyo mkataji alikuwa amesimama nje. Udongo wa hapo ulikuwa laini, vumbi jekundu lisilo na njia ya watu, na juu yake zilipita nyayo na alama ya gurudumu moja. Edelmira alichuchumaa na rula. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja pembeni mwa mwingine. Wa kwanza ulizama sentimita tatu. Wa pili haukufika hata moja.

"Huu wenye kina unaelekea wapi?"

"Bwawani," alisema Yerko.

"Na huu mwepesi?"

"Unatoka."

"Toroli. Limekuja na mzigo, limerudi tupu." Alinyanyuka, akakung'uta magoti. "Na nyayo ni za mtu mmoja."

Walimwaga plasta kwenye alama, wakasubiri ikauke, wakapiga picha. Kisha wakaifuata njia ya toroli hadi chini korongoni, kwenye changarawe ya mto uliokufa, ambako ilipotea. Kutoka hapo njia zilikuwa mbili. Ya kushoto ilikwenda kwenye nyumba za kijiji. Ya kulia ilipanda hadi kituo cha pampu ya maji.

"Tutafute toroli," alisema Yerko.

"Kila nyumba inalo. Wanabebea maji ya lori. Yapo kama mia mbili."

"Basi tunaanza wapi?"

"Kwake yeye. Jumatano alikuwa anafanya nini."

Mtaa wa Juu ulikuwa umejibandika kwenye kilima, nyumba za mbao na bati, kila mlango na tangi lake la buluu. Doña Otilia Cuturrufo alikuwa na miaka sabini na kitu. Waliposimama mlangoni alikuwa anaosha sahani nne katika beseni lenye maji ya kikombe kimoja, na hakuacha.

"Kaeni. Chai siwapi. Maji ndiyo haya mnayoyaona."

"Tunashukuru, mama," alisema Edelmira. "Fresia alifika hapa wiki hii?"

"Jumanne, na Jumatano tena. Alikuja na ile saa yake ya kupimia nguvu ya maji, akaifunga kwenye koki yangu. Mshale ukalala kwenye sifuri. Akaenda kwa jirani, sifuri. Akapanda mpaka nyumba ya mwisho. Sifuri."

"Hamna maji tangu lini?"

"Ya koki? Mwaka unakaribia. Tunaishi kwa lori. Lita hamsini kwa kichwa, likija."

"Mkadhani ni Altazora."

"Nani hakudhani? Hapa mvua isiponyesha ni Altazora. Kuku akifa ni Altazora." Hakucheka. "Mara nyingi ni kweli."

"Yeye alisemaje?"

Otilia alikamua kitambaa juu ya beseni mpaka tone la mwisho. "Alikaa hapo ulipokaa wewe. Alikaa sana. Mimi nikadhani amechoka na kilima. Halafu akasema, 'Doña Otilia, safari hii si kampuni.' Akaniomba nikae kimya mpaka mkutano wa Ijumaa, atasema mwenyewe mbele ya wote."

"Na baada ya kufa kwake hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Watu wamesimama barabarani na picha yake. Nishuke nikawaambie si kampuni? Wangeniuliza kampuni imenihonga nini."

Edelmira aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

"Alipoondoka hapa Jumatano alikwenda wapi?"

"Alisema anakwenda kuhesabu mizunguko."

"Mizunguko ya nini?" aliuliza Yerko.

"Sikumuuliza. Mambo ya uhandisi hayo. Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni." Alizipanga sahani juu ya kitambaa kikavu, moja moja. "Mtakapojua, msije kuniambia kwanza mimi. Waambieni wa chini."

Garini Yerko alikaa na ufunguo mkononi bila kuwasha.

"Valvu," alisema Edelmira. "Valvu ya bomba kubwa inafunguliwa kwa kuizungusha. Ukitaka kujua imefunguliwa kiasi gani, unaifunga huku ukihesabu. Twende kwenye pampu."

Mtunza pampu wa kijiji aliitwa Nibaldo Aracena, umri miaka sitini na miwili, mkazi wa Mtaa wa Chini. Katika kila picha ya Fresia iliyotoka gazetini, Nibaldo alikuwa nyuma yake ameshika mwavuli wa kumkinga jua. Waliandamana pamoja, walikamatwa pamoja. Walimkuta kwenye meza ndogo kando ya pampu, anajaza daftari.

"Karibuni. Nilidhani mngeanzia kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa naye kuliko wote."

"Jumatano alifika hapa?"

"Jumatano, hapana. Jumanne alipita kuchukua namba za wiki."

"Tuone hizo namba."

Alilisukuma daftari mezani. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa shule za zamani. Kila siku mstari mmoja: kina cha kisima, saa za pampu, valvu ya chini, valvu ya juu. Edelmira alirudi nyuma kurasa nyingi. Chini ya valvu ya juu, siku zote za miezi kumi na moja, yalikuwepo maneno mawili yaleyale: wazi kabisa.

"Ikiwa wazi kabisa inakuwa na mizunguko mingapi?"

Kalamu ya Nibaldo ilisimama. "Ishirini na miwili."

"Yerko, chukua ule ufunguo."

Ufunguo wa valvu ulikuwa umeegemezwa ukutani, nondo yenye mshikio juu, urefu wa kufika kiunoni. Shimo la valvu lilikuwa nyuma ya kibanda, limejengwa kwa zege na kuzungushiwa fremu ya chuma. Nibaldo aliwafuata bila kuitwa, akasimama na mikono mifukoni. Yerko aliinua kifuniko, akauteremsha ufunguo mpaka ukashika.

"Funga. Hesabu kwa sauti."

"Moja. Mbili. Tatu." Ufunguo uligoma. Yerko aliulalia kwa uzito wote. "Imefika mwisho, afande. Tatu."

"Kutu," alisema Nibaldo. "Valvu ya zamani hiyo. Inakwama."

"Basi ifungue."

Yerko alizungusha upande wa pili. Ilizunguka laini, imepakwa grisi. Alihesabu hadi ishirini na mbili bila kutumia nguvu, na bomba lililokuwa kimya likaanza kunguruma chini ya viatu vyao.

Edelmira hakuwa anatazama valvu. Alikuwa anatazama fremu. Pande tatu zilikuwa za kahawia kwa kutu. Upande wa nne ulikuwa umesuguliwa mpaka chuma kikang'aa, na zege iliyougusa ilikuwa nyeupe. Alipiga goti, akanusa. Klorini. Akaweka vidole vinne juu ya ukingo wa chuma, akaviondoa.

"Nani amesugua hapa?"

"Mimi. Ninasafisha kila wiki."

"Upande mmoja?"

Nibaldo alitazama ukutani. Kando ya ukuta lilikuwapo toroli lake la kubebea mapipa ya klorini, na ndani ya karai lake, chini kabisa, unga mweupe ulikuwa umeganda. Edelmira alilikaribia.

"Suruali ya Fresia ilikuwa ya buluu," alisema. "Upande wa kulia, kuanzia gotini hadi pajani, imepauka. Tulidhani ni maji ya bwawa. Lakini bwawani hakuna klorini, kuna majani tu. Alilazwa humu kwa upande wa kulia. Kabla hujanijibu, Don Nibaldo, una haki ya kunyamaza na una haki ya wakili."

"Najua. Yeye ndiye alinifundisha, mwaka ule tulipofunga daraja."

Alikaa juu ya kifuniko cha shimo kilichowekwa kando. Alikaa kama mtu anayesubiri basi.

"Kisima hiki kilikuwa kinatoa lita tisa kwa sekunde," alisema. "Sasa tatu. Tatu ukizigawa sawasawa kwa mitaa miwili, hakuna atakayepata. Zahanati iko chini. Shule iko chini. Mjukuu wangu yuko chini pia, sifichi. Nikachagua. Sikumuuliza mtu."

"Ukaandika wazi kabisa."

"Kila siku. Mwezi wa kwanza mkono ulikuwa mzito. Baadaye ukazoea."

"Jumatano."

"Alikuja saa kumi na moja. Hakunisalimia. Alichukua ufunguo, akafunga, akahesabu tatu. Akanitazama. Nikamwambia ngoja kesi ipite. Mawakili wa Altazora wakisikia kwamba sisi wenyewe tunanyang'anyana, watasimama mbele ya jaji waseme, hawa ndio wanaodai haki? Miaka tisa imekwisha."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Don Nibaldo, wale wa juu nao ni watu wa kesi hii.' Basi. Akainama afungue. Nikaushika ufunguo. Yeye akavuta, mimi nikavuta. Hatukupigana, Inspekta. Tulivutana kama watoto." Alitazama viganja vyake. "Halafu mimi nikaachia."

Yerko alikuwa anaandika. Aliacha, akaendelea.

"Nilidhani namwachia ashinde," alisema Nibaldo. "Alianguka kinyumenyume. Sauti haikuwa kubwa."

"Hukumwita mtu?"

"Hapana."

"Zahanati iko mita mia sita."

"Najua iliko. Maji yake nayapeleka mimi. Nilikaa hapa mpaka pampu ikamaliza zamu ya jioni. Nikawaza, akikutwa hapa, amekufa kwa aibu yetu. Akikutwa kule kwa Altazora, kifo chake kitafanya kazi. Yeye alipenda kila kitu kifanye kazi. Giza lilipoingia nikachukua toroli."

Edelmira alifunga kalamu yake. Nibaldo aliinua uso, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeuliza.

"Alikufa palepale, sivyo?"

Inspekta angeweza kusema ndiyo. Ripoti ilikuwa mkononi mwa Yerko, na Yerko aliinamisha kichwa kwenye daftari.

"La," alisema Edelmira. "Daktari anasema aliishi kama saa mbili."

"Saa mbili."

"Ndiyo."

Nibaldo alikubali kwa kichwa, kama mtu anayesomewa namba ya kuandika daftarini. Aliomba koti lake kutoka kibandani. Walimfunga pingu mbele, na Edelmira akalitandaza koti juu ya mikono yake. Yerko alichukua daftari la pampu, ufunguo na picha za fremu, akalifunga toroli kwa nailoni, akaweka utepe mlangoni. Mke wa mwenyekiti wa kamati ya maji aliitwa aje kuzima pampu saa sita. Hakuambiwa sababu, akaambiwa valvu ya juu isiguswe.

Njia ya kutoka Huiluma ni moja, na ilikuwa imejaa watu. Walisimama pande zote mbili za daraja, mamia, wameinua picha ya Fresia katika koti lake la njano. Walipoliona gari la polisi wakaanza kusogea mbele kulifungia njia. Kisha mmoja akatambua aliyekaa nyuma.

"Ni Don Nibaldo. Anakwenda kutoa ushahidi. Mpisheni."

Habari ilipita mdomo kwa mdomo kupita kasi ya gari. Watu walipisha. Mmoja alipiga makofi, mwingine akaungana naye, wakaendelea daraja zima, makofi ya polepole, ya watu wasiolala siku tatu. Mikono iligusa bati la gari. Yerko alitazama barabara.

"Niwaambie?" aliuliza Nibaldo.

"Wataambiwa jioni," alisema Edelmira. "Ukitaka kuwaambia sasa, siwezi kukuzuia."

Nibaldo aliwatazama watu. Hakufungua mdomo.

Mwishoni mwa daraja mwanamke mmoja wa Mtaa wa Chini, aproni bado kiunoni, aligonga dirisha la nyuma mpaka Yerko akaliteremsha. Alipitisha mkate wa moto uliofungwa kwa kitambaa.

"Safari ndefu hiyo. Kula, Don Nibaldo. Na uwaambie yote, usimwogope mtu."

Aliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu namna nyingine hakuwa nayo. Koti liliteleza kidogo. Mwanamke alikuwa anamtazama usoni, hakutazama chini, akarudi nyuma na kufuta macho kwa aproni.

Walikwenda kilomita sabini. Miparachichi iliisha, ikaja milima mikavu, ikaja tena miparachichi ya wengine. Kwenye kituo cha polisi cha jimbo askari wa zamu alimvua Nibaldo mkanda, kamba za viatu na saa, akaviorodhesha kimoja kimoja. Mkate ulibaki mezani, haujavunjwa, kitambaa chake kimelowa mvuke.

"Na huu niuandike, Inspekta?"

Edelmira alikuwa anatia sahihi karatasi ya kumkabidhi. Hakuinua kichwa.

"Andika," alisema. "Mkate mmoja."